Noeli Si ya Walioandikwa kwenye Orodha



Majilio yanapofika katikati, karatasi fulani huanza kuzunguka mjini Goma. Hupita mikononi mwa vijana waliotoka Masisi na Walikale kuja kusoma, kutafuta kazi au kukimbia vita, na siku hizi hupita zaidi katika simu, ndani ya makundi ya WhatsApp. Juu yake huandikwa jina la kikundi, chini hufuata majina ya watu, na mbele ya kila jina kiasi cha pesa. Aliyelipa hutiwa alama. Asiyelipa husubiriwa siku chache, hukumbushwa mbele ya wote, kisha jina lake hufutwa. Usiku wa Noeli na usiku wa Bonane, karatasi hiyo husimama mlangoni pamoja na kijana mwenye misuli, nayo ndiyo inayoamua nani atakula na nani atarudi kwake gizani.

Sisi hatupingi michango. Watu wa kwetu wamechangiana tangu zamani, katika arusi, katika msiba na katika likelemba. Wala hatupingi sahani, ngoma na nguo mpya. Tunachokipinga ni kuufanya mchango kuwa mlango, na kuliweka jina la Noeli juu ya mlango huo.

Kabla ya kuendelea, tunapaswa kutengana na kundi lingine la wasemaji, lisije likadhani tuko upande wake. Wapo wakubwa wetu wanaosema kwamba kijana wa Masisi au wa Walikale hana haki ya kusherehekea wakati kwao kunalia risasi. Husema: unachezaje, na shamba la baba yako limekuwa pori? Maneno hayo hutoka katika uchungu wa kweli, nasi tunauheshimu. Lakini hayafuati Injili. Mtoto wa Betlehemu hakungoja amani ndipo azaliwe. Alizaliwa katika nchi iliyotawaliwa na majeshi ya kigeni, na muda si mrefu wazazi wake walimbeba usiku wakakimbilia Misri. Sikukuu yake haikuwekwa kwa ajili ya watu wasio na machozi. Kijana aliyetembea kwa miguu kutoka Kitshanga hadi Goma ana haki ya kuimba usiku wa Noeli, na pengine anaidai kuliko mwingine yeyote. Kwa sababu hiyohiyo tunakasirika anapozuiwa mlangoni na watu waliotoka kijiji kimoja naye.

Tuseme sasa ni nani wanaofutwa. Vita vilipokaribia Goma mwaka 2023 na 2024, mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wa Masisi, walijaza kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo. Mji ulipobadilisha mikono mwishoni mwa Januari 2025, kambi hizo zilivunjwa katika majuma yaliyofuata. Wengine walirudi kwenye vilima vyao wakakuta nyumba zimeezuliwa, wengine walibaki mjini katika vyumba vya kupanga, watu wanane au kumi chumba kimoja. Mwaka huohuo benki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege ukanyamaza, na mzazi aliyekuwa akimtumia mwanawe pesa ya masomo akakosa njia. Mnamo Machi 2025 vita vilifika Walikale penyewe, watu wakaingia msituni. Basi yule asiyelipa mchango mara nyingi si mvivu wala bahili. Ni mwanafunzi aliyekatikiwa na kwao. Ni msichana anayefua nguo za watu Himbi, na ujira wake wote huishia kwenye bidoni za maji na debe la makala. Ni kijana wa chukudu ambaye barabara ya Sake ilimpa riziki jana, na leo haimpi. Orodha inawafuta hao kwanza, na hao ndio waliobaki bila shangazi wala mjomba mjini.

Kule kwetu sikukuu haikuwa hivyo. Hatutaki kuipamba, maana kijijini pia palikuwa na chuki, na palikuwa na nyumba ambazo watoto wengine walikatazwa kuingia. Lakini mpango wenyewe ulikuwa tofauti. Baada ya Misa, chakula kiliwekwa: huku Masisi maharagwe, viazi na maziwa, kule Walikale ndizi, sombe na mawese, na mwenye mbuzi alichinja mbuzi. Aliyepita aliitwa. Siku ya Bonane watoto walikwenda mlango kwa mlango wakitakia heri ya mwaka mpya, na kila mlango uliwapa kitu, hata kama ni kipande cha muhogo. Mtoto hakuulizwa baba yake alichangia nini. Mjini kila kitu kina bei, nasi tunalijua hilo vizuri sana. Ila tunauliza kwa nini tumekubali upesi namna hii kwamba urafiki nao uwe na bei.

Wanaoitetea orodha wana hoja zao, na si haki kuzipita. Tuzijibu moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: pesa ni zetu, tumezitolea jasho. Ni kweli, na hakuna anayewaita wezi. Watu wakichanga pesa kwa ajili ya karamu ya marafiki, wana haki ya kuiita karamu ya marafiki. Lakini wakiiita Noeli, wametwaa jina lisilo lao. Mtume Paulo alikutana na jambo hilihili katika mji mkubwa wa Korinto, mji wa bandari na biashara uliojaa watu waliotoka mbali. Wakristu wa pale walikusanyika kula, wenye vitu wakatangulia kula na kunywa hadi kulewa, na wasio na kitu wakabaki na njaa palepale, mezani pa Bwana. Paulo hakuwasifu kwa sababu kila mmoja alileta chakula chake. Aliwaambia kwa ukali kwamba wanachokula si karamu ya Bwana tena, na kwamba wanalidharau Kanisa la Mungu. Tazameni sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorinto. Tunatoka katika mkesha, tumepokea mkate mmoja, na baada ya saa moja tunasimamisha mtu mlangoni wa kumrudisha yule tuliyepokea pamoja naye. Ni ipi kati ya meza hizo mbili tunayoiamini?

Hoja ya pili: hatuwezi kuulisha mji mzima. Hakuna aliyewaomba hivyo. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme vijana 20 wanatoa kila mmoja dola 10. Chungu ni dola 200. Wakialikwa wengine watano wasiotoa kitu, kila anayekula atapata chakula cha dola 8 badala ya 10. Tofauti ni dola 2 kwa mtu, karibu bei ya chupa moja au mbili za bia. Sikukuu haijaharibika, wali haujakwisha, ngoma haijazimwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba umaskini ndio unaotuzuia. Kinachotuzuia ni fahari. Karamu yenye watu wasiolipa haina sura nzuri katika picha, nasi tumezoea kusherehekea mbele ya simu. Wako wanaokopa kwa ajili ya viatu vya usiku mmoja, na Januari inapofika, karo ya shule inadaiwa na mkopo unadaiwa, na viatu vimekwisha pasuka juu ya mawe ya Nyiragongo. Dola 2 za mgeni ndizo hukosekana.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote, na mara nyingi haisemwi kwa sauti: tunataka kukaa na watu tunaoelewana. Maana yake halisi ni kwamba wanaosema Kihunde wana ukumbi wao, wanaosema Kinyarwanda wana wao, Wanyanga wao, Wakumu wao, na Warega wao. Watoto wa eneo moja, waliofika kwa njia moja, walioimba katika kwaya moja usiku huohuo, hutoka kanisani na kugawanyika mitaani kila mtu na kabila lake.

Lugha ya mama ni zawadi. Wimbo wa bibi yako ukiimbwa mbali na nyumbani hukurudishia nguvu, na hatumwombi mtu yeyote auache. Lakini kuna mkutano wa kukumbuka kwetu, na kuna mkutano wa kujifungia. Nao vijana wa Masisi na Walikale, kuliko vijana wengine wa Kongo, wanapaswa kuogopa huo wa pili. Mnamo Machi 1993, mauaji yalianza katika soko la Ntoto, huko Walikale, yakaenea hadi Masisi, yakaua maelfu ya watu na kuwakimbiza wengine wengi kuliko hao. Yalianzia sokoni, mahali ambapo watu wa lugha mbalimbali walikuwa wakiuziana chumvi, kuku na ndizi kila juma. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, lakini tunaishi katika matokeo yake hadi leo. Kambi nyingi tulizozipitia, makundi mengi ya silaha yanayojiita walinzi wa kabila hili au lile, yana mizizi katika miaka ile. Watu hawaamki asubuhi moja na kuuana. Kwanza huacha kula pamoja. Huacha kutembeleana, huacha kujua jina la mtoto wa jirani, na uongo wowote unaosemwa juu ya jirani hukosa mtu wa kuupinga, kwa kuwa hakuna tena anayemfahamu.

Hatusemi kwamba karamu ya kabila moja huko Ndosho ni vita. Tunasema kwamba Goma imetupa nafasi ambayo wazazi wetu walinyang'anywa: nafasi ya kukaa meza moja na mtoto wa upande wa pili, bila bunduki katikati. Tukiutumia mji huu kujenga upya vilima vyetu vilevile, na mipaka yake ileile, basi tumebeba vita hadi mahali tulipokuja kuvikimbia.

Hoja ya nne: mji wenyewe haukutupokea, kwa nini sisi tuwapokee wengine? Tunajua dharau tulizozipata wengi wetu. Kuchekwa kwa matamshi, kuitwa mtu wa porini, kudaiwa kodi ya miezi mingi kwa sababu sura ni ngeni. Hata hivyo, tukumbuke mambo yalivyokuwa. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 Mei watu wa mitaa mingi ya Goma waliamriwa kuhama. Wengi wao walishika barabara ya Sake, wakaingia Masisi kwa makumi ya maelfu, na magodoro kichwani. Walilala makanisani, shuleni na katika nyumba za watu ambao wenyewe hawakuwa na kitu. Mji huu ulikuwa mgeni wetu. Hatuyasemi hayo ili tulipwe. Tunayasema ili kuonyesha kwamba katika Kivu ya Kaskazini hakuna mwenyeji wa kudumu. Anayefungua mlango leo atabisha kesho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wengi wa kizazi chetu wamekuwa vyote viwili katika mwaka mmoja.

Sasa tuifungue Injili yenyewe ya Noeli. Noeli ya kwanza ilikuwa na orodha, nayo ilikuwa orodha ya Kaisari Augusto. Kila mtu alitakiwa kuandikwa, na Yosefu alikwenda Betlehemu kwa sababu hiyo. Tusisahau kwamba Betlehemu haukuwa mji mgeni kwake. Ulikuwa mji wa Daudi, mji wa ukoo wake. Aliikosa nafasi katika mji wa watu wake mwenyewe. Kijana wa Nyabiondo anayerudishwa mlangoni na vijana wa Nyabiondo anayafahamu maumivu hayo bila kufafanuliwa. Nayo habari ya kuzaliwa kwa Mkombozi ilipelekwa kwa nani? Kwa wachungaji, watu wa zamu ya usiku waliolala nje na mifugo. Vilima vya Masisi vina wachungaji wa namna hiyo hata sasa. Usiku ule malaika hakuuliza nani amelipa.

Baadaye, Mtoto huyo alipokua, alifundisha waziwazi juu ya karamu. Katika sura ya 14 ya Injili ya Luka anamwambia mwenyeji wake kwamba, anapoandaa chakula, asiwaite rafiki, ndugu na majirani matajiri ambao watamwalika nao, bali awaite maskini na vilema, wale wasio na cha kumrudishia. Yezu hakuchukia urafiki. Alikuwa na rafiki, akala kwao Betania. Alichokataa ni urafiki unaozunguka ndani yake tu, nipe nikupe, hadi usiweze kumwona aliye nje.

Mtu akisema kwamba mafundisho hayo ni ya watawa na si ya vijana wa mjini, tumwonyeshe kijana wa mji huuhuu. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mlei kama sisi, mwenye elimu, mwenye kazi katika idara ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiuzwe kwa watu, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Alitangazwa Mwenye Heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Wengi wanakijua kifo chake, wachache wanayajua maisha yake ya kabla. Pamoja na rafiki zake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, aliwatafuta watoto wa barabarani, wale ambao mji unawaita maibobo, akakaa nao, akawafundisha, akawajua kwa majina. Jumuiya hiyo ina desturi iliyoanza Noeli ya mwaka 1982 huko Roma, katika Basilika ya Santa Maria in Trastevere: siku ya Noeli meza huandaliwa ndani ya kanisa, na maskini hukaa pamoja na marafiki, hata usiweze kusema nani anahudumu na nani anahudumiwa. Desturi hiyo imeenea katika nchi nyingi, na ilianza na kundi dogo la watu wachache. Floribert naye alikuwa na marafiki. Urafiki wao ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja zaidi, na ndiyo maana watoto wale waliingia.

Tusiishie katika kulaumu. Tunapendekeza mambo matatu ambayo kila kikundi cha vijana katika parokia kinaweza kuyaanza Noeli hii, bila kungoja msaada wa mtu.

Kwanza, mchango utolewe katika bahasha isiyo na jina, itiwe katika sanduku moja. Mwenye nyingi atie nyingi, mwenye kidogo atie kidogo, asiye na kitu atie bahasha tupu, na asijulikane. Mtasema: wenye uwezo watadanganya, watakula bure. Huenda mmoja au wawili wakafanya hivyo. Sisi tunaona ni afadhali kumlisha mdanganyifu mmoja kuliko kuwaaibisha watano wenye njaa. Mdanganyifu atajibu kwa dhamiri yake. Aliyeaibishwa mlangoni hatarudi, pengine hata kanisani.

Pili, kila kikundi cha watu wa upande mmoja kiunganike na kikundi cha upande mwingine, usiku mmoja, chungu kimoja. Kila upande uimbe nyimbo zake, na upande wa pili ujifunze kiitikio. Mashirika ya mitaa yetu yanajua nyumba zote. Yaulizwe ni nani aliyefika karibuni na hana mtu, naye aalikwe kwa jina lake, mapema, asije akaonekana kama mdoezi.

Tatu, tusiumalize msimu wote katika usiku miwili. Tarehe 28 Desemba Kanisa huwakumbuka Watoto Mashahidi waliouawa na Herode, na hakuna sikukuu iliyo karibu zaidi na historia ya vijiji vyetu. Siku hiyo tuzitembelee familia zilizotoka kambini, si kwa hotuba wala picha, bali kwa makala, sabuni na mazungumzo. Na tarehe 1 Januari, ambayo tangu 1968 Kanisa linaiadhimisha kama Siku ya Amani Duniani, kila mmoja atafute namna ya kumtakia Bonane mtu mmoja wa kijijini kwake ambaye si wa kabila lake. Kama simu haifiki, ujumbe upelekwe na msafiri.

Orodha ya Kaisari ilihesabu watu ili walipe kodi. Wachungaji waliokimbilia zizini usiku ule walimkuta Mtoto, na hapakuwa na mtu mlangoni. Vijana wa Masisi na wa Walikale, msiweke mtu mlangoni mwaka huu. Noeli njema kwenu wote, na Bonane yenye amani.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Ni nani katika kikundi chetu alikuja sikukuu za mwaka uliopita na mwaka huu jina lake halimo? Ni nani atakayekwenda kumwuliza habari zake kabla ya mkesha?

2. Ni vijana gani wa parokia yetu ambao tunaimba nao lakini hatujawahi kula nao? Sababu ni nini hasa?

3. Kikundi chetu kikitumia bahasha bila jina, tunaogopa kupoteza nini?